Ndoo Iliyokopwa Kachumbari

1

Msitu ulikohoa saa mbili na dakika kumi asubuhi, na Otilia Nyagawa akazimwagia chai karatasi zake zote.

Hicho kilikuwa kikohozi cha kumi na nane tangu Jumapili, na mtu angedhani ameshazoea. Hakuzoea. Alivua visikizi, akavivaa tena, akasimama, akaketi, akasimama. Wiki nzima hiyo miguu yake ilikuwa imekikataa kiti. Chini ya dirisha la Kituo cha Usikilizaji cha Ikonongo, mipaina ilishuka mabonde na kupanda vilima mpaka macho yachoke, yote kimo kimoja, yote unene mmoja, kama wanafunzi waliopangwa mstari kumsubiri mgeni rasmi.

Iliitwa Namba Saba. Katika Kanda ya Pili peke yake ilikuwa milioni kumi na mbili, lakini kusema kweli ulikuwa mti mmoja tu. Wataalamu walichagua mpaina mmoja, wakaurekebisha ukomae kwa miaka saba badala ya ishirini na mitano, wakaunakili mara mamilioni, kisha wakazifunga nakala zote kwa Utando, uzi wa ukungu uliotengenezwa maabara, unaotambaa ardhini kutoka mzizi hadi mzizi. Mti wa bondeni ukipata maji, wa kilimani hupata habari. Na kwa kuwa yote ni mti mmoja, yote huvuma sauti moja. Kazi ya Msikilizaji ni kuusikiliza mvumo huo na kujua unapokatika. Ukikatika, pana ugonjwa. Hukatika kidogo tu, ehe, kama mtu anayesafisha koo kabla ya sala.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Namba Saba iliezeka shule zote za tarafa. Nguzo za umeme za mikoa minne zilitoka hapo. Mashine moja, dereva mmoja, na bloku nzima imelala chini kabla ya chakula cha mchana, magogo yakiwa na urefu mmoja hata huhitaji kuyapima. Mtu wa Ikonongo aliyekuwa na macho hakuweza kuitukana Namba Saba hivi hivi. Tabu yake ilikuwa moja: kinachoweza kuua mti mmoja kinaweza kuiua yote.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Meneja wa Kanda, Festo Kaduma, aliingia akitafuna karanga. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na kadiri mambo yalivyoharibika ndivyo alivyotafuna.

"Bi Otilia, ugonjwa umefika wapi?"

"Bloku ya Arobaini na Tatu, Meneja. Mita mia mbili kwa siku. Asubuhi hii umeruka barabara."

"Umeruka barabara," Kaduma alirudia. Alikwenda dirishani. Mbali, upande wa kusini, palikuwa na baka la kijivu katikati ya kijani, na jana halikuwa na ukubwa ule. Ukungu wa Kijivu ulikuwa unasafiri ndani ya Utando wenyewe, kwa njia ileile iliyotengenezwa kwa fedha nyingi ili miti ipashane habari. "Kesho saa sita mchana tunatoa Amri ya Ukame."

Otilia alikuwa akiitarajia kauli hiyo. Kila Namba Saba ilizaliwa na kufuli ndani yake. Amri ikipita kwenye Utando, mti hufunga vinyweleo vya majani yake, haunywi tena, na siku ya nne umekauka umesimama. Ukiikausha miti inayobeba ugonjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Lakini mashine ya kutoa amri haikubali kukisia. Huuliza kwanza: chanzo ni nini? Kwa chanzo hicho hukokotoa miti ipi imebeba, ipi haijabeba. Ukiidanganya chanzo, inakausha miti isiyohusika na kuiacha yenye maradhi.

"Chanzo ninacho," Kaduma alisema. "Majembe ya kitalu. Yordan Luhwago alikuwa haoshi vifaa kwa dawa. Yuko Kitalu cha Pili miaka miwili, kwa hiyo ni miche ya miaka miwili, miti laki nne. Tunaikausha, Yordan anapelekwa polisi, tunaendelea na maisha. Wewe ndiye unayeandika chanzo, mimi naweka ufunguo wa pili. Kesho saa sita."

Alitoka. Maganda ya karanga yalibaki juu ya dirisha.

Otilia alikaa, na mara hii hakusimama. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yordan alikuwa anaosha majembe yake mpaka mipini inachakaa. Na chanzo hakikuwa cha miaka miwili. Kilikuwa cha miaka tisa, kilikuwa ndoo moja ya udongo, na aliyeibeba ndoo hiyo kichwani, alfajiri moja ya mwezi wa pili, alikuwa yeye.

2

Mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo, akapewa Kitalu cha Pili. Miche ya Namba Saba ikaanza kugeuka njano. Akaweka mbolea, njano. Akaweka Utando mpya kutoka maabara, njano vilevile. Kila mpanda miti wa nyanda hizi, hata asiyejua kusoma, anajua dawa yake: nenda msitu ulioshiba, chota udongo, changanya kwenye viriba vya miche, maana mche haukui bila vijidudu vya wakubwa zake. Basi akaenda kwa shangazi yake, akachota ndoo, akaichanganya kwa siri. Wiki tatu, kitalu kizima kijani. Kampuni yenye msitu ikampandisha cheo, na haikupita miaka mingi akawa Msikilizaji Mkuu. Udongo wa kitalu kile haukubadilishwa tangu siku hiyo. Kwa nini ubadilishwe, wakati ulikuwa unaotesha?

Sasa alikuwa juu ya pikipiki akishuka kwenda Kachumbari.

Jina hilo walilitoa wafanyakazi wa Kampuni kwa dhihaka. Ulikuwa msitu wa kijiji, ekari mia nane katikati ya mipaina, wenye mivengi, mikusu, misaula, migrevilea, miwati, milanzi ya kugemea ulanzi, na humo humo Namba Saba kadhaa zisizofungwa kwenye Utando, vyote vimekatwakatwa na kuchanganywa kama mboga za kwenye sahani ya wali. Kampuni iliwahi kuchomeka kipaza sauti kimoja humo, wakakiondoa baada ya siku mbili. Fundi aliandika kwenye ripoti kwamba mle ndani ni soko la Jumamosi.

Shangazi Gaudensia alimsikia kabla ya kumwona, na hakungoja salamu.

"Umekuja kusaidia kuvuta au umekuja kutazama?"

Alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, kavaa mabuti ya mvua, panga mkononi na matusi mdomoni. Mbele yake ng'ombe wanne na wanaume sita walikuwa wanahangaika na gogo moja la mgrevilea.

"Kamwene, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kamwene. Tangu jana asubuhi, gogo moja hili! Limeanguka, likavunja milanzi yangu mitano, likalalia mkusu unaozaa. Nyie kule mashine yenu inafyeka kilima watu wanakunywa chai. Huku ukikata mti mmoja unawauliza majirani zake ruhusa. Mwenye kiwanda cha mbao ameshaniambia, mama, magogo yako kila moja na tabia yake, sitaki tena. Nani alinituma mimi kupanda msitu wa namna hii?"

"Uliupanda mwenyewe."

"Na nitajitukana mwenyewe. Tembea."

Walitembea. Chini ya miti palikuwa na maji, na hilo ndilo jambo ambalo kila mtu wa Ikonongo alilijua na Kampuni haikuliandika popote: vijito vya mipaina vilikauka mwaka wa nne, cha Kachumbari hakikukauka. Bustani za mabondeni, vinyungu vya vijiji vitatu, vilikunywa kutoka hapa. Otilia alikuwa anahesabu hatua bila kutaka. Masikio yake, yaliyozoea mvumo mmoja, yalimwasha kwa kelele za mle ndani.

"Unanung'unika nini?" Shangazi aliuliza. "Na ndoo yangu iko wapi?"

Aliuliza hivyo kila walipoonana, miaka tisa. Ikonongo udongo haupewi bure, hukopwa. Anayechota ndoo katika kitalu cha mwenzake hurudisha ndoo nyingine masika yakiisha, udongo wa kitalu chake yeye. Mkopeshaji huumwaga kwenye tuta dogo, akasia maharage, ulezi na mbegu za miti mitatu, akangoja siku tisa aone udongo wake umekaaje ugenini. Otilia hakurudisha. Kanuni za Kampuni zilikataza udongo kutoka kitaluni, na, tuseme ukweli, yeye mwenyewe na cheti chake kipya aliona mambo hayo ni ya kishamba.

Alisimama. Mbele yake palikuwa na mipaina mitatu iliyokufa, ya kijivu kuanzia shina mpaka ncha.

"Hii imekufa lini?"

"Hiyo? Wa katikati miaka miwili, hiyo mingine mwaka jana."

Otilia alipiga magoti akafukua kwa mikono. Nyuzi za kijivu, zilezile za Bloku ya Arobaini na Tatu. Alizifuata kwenye udongo, shubiri moja, mbili, mpaka kwenye mzizi wa mvengi, na hapo zikaisha. Mzizi ulikuwa umevikwa ukungu mwingine, mweupe, na ule wa kijivu ulipougusa ulikuwa umeyeyuka kama ute. Upande wa pili mkusu ulikuwa unazaa bila habari.

"Upo huku siku zote," Otilia alisema. "Unaua mmoja, wawili, unakutana na mti usioujua, unakwama."

"Ugonjwa gani msituni hauui mmoja wawili? Ndivyo msitu ulivyo."

"Shangazi, kule haukwami. Kule kila mti ni ule ule. Na mimi ndiye niliyeupeleka. Ile ndoo."

Shangazi Gaudensia aliketi kwenye gogo. Otilia akamweleza yote bila kupumua: kesho saa sita, chanzo, majembe ya Yordan, miti laki nne iliyokuwa ikauke bure wakati miche ya miaka tisa yote imebeba. Na jambo la mwisho, lililokuwa linamfukuza kwenye viti wiki nzima. Kanuni ya Kumi na Nne ilisema kwamba mahali palipothibitika kuwa chanzo cha ugonjwa hung'olewa, mizizi na yote, na ardhi huchomwa.

Otilia alisubiri hekima. Hakuipata.

"Nyamaza," Shangazi alisema.

"Yordan atafungwa."

"Yordan ni kijana mzuri, namjua mama yake. Atafungwa, atatoka. Msitu huu ukichomwa hautatoka popote. Miaka thelathini na nne, Otilia! Nimepanda huku nikichekwa. Mume wangu alinicheka. Baba yako Benitho alinicheka mpaka anaingia kaburini." Alilichoma panga ardhini. "Ungerudisha ndoo yangu masika yale ningeuona ugonjwa siku ya tisa. Maharage yangekufa. Ningekuambia, choma udongo ule mwanangu, umeufungia chumba kimoja na mti usio na ndugu. Hukurudisha. Sasa unakuja hapa umepiga magoti unataka nikuruhusu uniue. Sikuruhusu. Nyamaza, na uende."

Otilia aliondoka. Pikipiki ilizimika mara mbili njiani, na mara zote mbili aliipiga teke kama ndiyo yenye makosa.

3

Saa tano na nusu siku ya pili, askari wawili wa Kampuni walimleta Yordan Luhwago kituoni aweke sahihi maelezo yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, dada Otilia."

"Marahaba, Yordan. Kaa."

Hakukaa. Kaduma alikuwa dirishani na karanga zake. Kwenye kioo cha mashine kisanduku kilikuwa kinameta: CHANZO. Otilia alikuwa ameshaandika *Vifaa vya kitalu* mara tatu na kufuta mara tatu. Kwenye visikizi vilivyoning'inia shingoni msitu ulikohoa tena. Vikohozi sasa vilikuwa ishirini na sita.

Alikuwa ameipiga hesabu usiku kucha kwa kugeuka geuka kitandani. Akisema uongo, miti laki nne inakauka, watu wanashangilia, na baada ya miezi sita Ukungu unaibuka kwenye bloku za zamani na kula milioni kumi na mbili na ajira za vijiji tisa. Lakini Kachumbari inabaki, na Shangazi anabaki. Akisema kweli, inakauka miti inayostahili, Kanda inapona, Yordan anakwenda nyumbani. Na trekta za Kampuni zinashuka Kachumbari na kung'oa kitu pekee katika wilaya nzima kinachojua kuuzuia ugonjwa huo. Kila upande aliogeukia palikuwa na mtu wa kumlilia.

Yordan alikuwa anaisoma karatasi ya maelezo. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Dada, mimi majembe nilikuwa naosha. Si ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Kila jioni. Dawa ilikuwa inanichubua mikono." Aliitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Labda ile siku ya mvua kubwa. Ile siku tulikimbia wote. Labda ile siku sikuosha vizuri. Eti dada? Labda kweli ni mimi."

Akaichukua kalamu.

Otilia angeweza kustahimili Yordan akilia, au akitukana. Lakini kumwona mtu safi akijitafutia kosa mwenyewe ili karatasi ipate kuwa ya kweli, hilo lilimshinda. Alimnyang'anya kalamu. Akaigeukia mashine na kuandika haraka, kabla vidole havijaingiwa na akili:

*Chanzo: udongo, ndoo moja, kutoka msitu wa kijiji wa Ikonongo. Miaka tisa iliyopita. Kitalu cha Pili. Aliyebeba: Otilia Nyagawa, Msikilizaji.*

Mashine haikushangaa. Ilipiga hesabu zake, ikaonyesha ramani, na bloku zilizopandwa miche ya Kitalu cha Pili kwa miaka tisa zikawaka nyekundu moja moja. Miti milioni tatu na laki moja.

Kaduma aliacha kutafuna. Alisoma maandishi, akayasoma tena. Alionekana si mwenye hasira, bali mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko upande mwingine.

"Yordan, nenda nyumbani," alisema mwishowe. Askari wakatazamana. "Nimesema aende nyumbani." Mlango ulipofungwa akamgeukia Otilia. "Kanuni ya Kumi na Nne unaijua?"

"Naijua. Meneja, Kachumbari ugonjwa huu haufiki popote. Kuna ukungu mweupe kwenye mizizi ya mivengi, unaula ule wa kijivu. Nimeuona jana kwa macho yangu. Ukiing'oa ile, siku nyingine ukiugua utatibiwa na nani?"

"Kanuni haijaandika habari za ukungu mweupe."

"Najua haijaandika."

"Basi weka ufunguo wako."

Waliweka, yeye na Kaduma, wakazungusha kwa pamoja. Otilia alivaa visikizi kwa sababu hiyo bado ilikuwa kazi yake, japo kwa dakika chache. Mvumo ulikuwa palepale, mzito, wa sauti moja. Kisha ukapungua, kama kwaya ambayo waimbaji wa nyuma wanatoka mmoja mmoja wakati wimbo haujaisha. Hakuvivua mpaka Kaduma mwenyewe alipomvua.

4

Siku ya arobaini, Otilia alichota udongo kwenye ukanda uliokauka, akajaza ndoo, akajitwika.

Hakuwa Msikilizaji tena. Kesi yake ilikuwa imepangwa. Viwanda viwili vya mbao vilifunga zamu za jioni, na sokoni wanawake aliokuwa akisali nao walikuwa wanahama upande wakimwona. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jambo jema lilikuwa moja, nalo alilipata kwa Yordan, aliyerudishwa kitaluni na kumtumia ujumbe mfupi kila Jumapili: *Dada, wiki hii msitu haujakohoa.*

Lakini Yordan alikuwa amemtumia na habari nyingine. Kampuni ilichoma udongo wote wa Kitalu cha Pili, kama kanuni inavyotaka, ikaleta mpya, safi, uliochemshwa maabara. Miche ikaota. Sasa yote ilikuwa njano.

Kachumbari trekta zilikuwa zimeshaegeshwa ukingoni, tatu, za rangi ya chungwa. Zilisubiri Jumatatu, siku ya kung'oa. Shangazi Gaudensia alikuwa kitaluni kwake anapanga viriba kama mtu ambaye Jumatatu hiyo haimhusu. Alimwona Otilia akifika. Aliiona ndoo. Akainama akaendelea na viriba vyake.

Hakuwa amemsemesha tangu siku ile. Otilia alitua ndoo nje ya uzio, akaingia, akachukua viriba na kuanza kujaza. Hakufukuzwa. Walifanya kazi hivyo karibu saa nzima, bega kwa bega, bila neno, na Otilia aliona afadhali hata angetukanwa.

Ndipo Kaduma alipofika kwa miguu, peke yake, viatu vimeliwa na tope. Mkononi alikuwa na ndoo tupu ya bati.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Shangazi aliitazama ndoo, akamtazama mwenye ndoo. "Umepotea?"

"Sijapotea. Nimekuja kuomba udongo." Alisema kwa haraka, kama anayetema kitu kichungu. "Miche ya Namba Saba ina njano. Na ule ukanda mtupu nataka nipande miti ya kuchanganya, mivengi na mikusu, upana wa kilomita mbili. Makao makuu hawajui. Wakijua kabla haujaota watanizuia, wakijua ukishaota watasema walishauri wao."

Otilia alisimama. Angeweza kunyamaza. Shangazi alikuwa ameshamwonya kwa jicho.

"Meneja, udongo huu una Ukungu wa Kijivu," alisema. "Ukichota hapa unabeba na ugonjwa. Huwezi kubeba mweupe ukaacha wa kijivu. Vinaishi pamoja. Ukiupanda chini ya mti mmoja tu, utarudi palepale."

"Wewe hujui kufunga mdomo!" Shangazi alifoka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Otilia baada ya siku arobaini.

"Najua una ugonjwa," Kaduma alisema. "Nilituma watu wakapime nje ya ripoti. Ndiyo maana nimesema kuchanganya." Alikung'uta tope kwenye suruali, jambo ambalo halikusaidia. "Namba Saba siiachi, mama, nisikudanganye. Watu wanataka mbao, na msitu wako huu kutoa gogo moja ni sherehe ya siku mbili. Ila siwezi tena kulala na mti mmoja milioni tisa."

Shangazi Gaudensia alifuta mikono kwenye kitenge. Alichukua jembe dogo, akaenda chini ya mvengi, akachota. Alijaza ndoo ya Kaduma mpaka juu, akaishindilia kwa kiganja, akaongeza. Kaduma alipoinama kuishika, akaiwekea mguu.

"Huku udongo haupewi. Unakopeshwa. Masika yakiisha unaniletea ndoo ya kwako niione."

"Nitaleta."

"Na huyu naye aliniambia ataleta." Alinyoosha mkono. "Weka rehani. Ile karatasi ya Jumatatu, uliyonayo hapo mfukoni."

Trekta zilikuwa zinaonekana pale pale kati ya miti. Kaduma aliingiza mkono mfukoni, ukatoka na karanga, akaupeleka mfuko wa pili. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na ina mhuri. Aliishika kwa muda.

"Bila hii siwezi kung'oa, na wataniuliza kwa nini sijang'oa."

"Waambie iko kwa mwenye udongo. Ukirudisha ndoo, utarudishiwa."

Aliitoa. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaichomeka kifuani ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna askari wa Kampuni angekwenda kuitafuta. Kisha akaondoa mguu. Kaduma alijitwika ndoo kichwani, vibaya, udongo ukimwagikia mabegani, akaondoka kwa kuyumba kuelekea kilimani.

Otilia alikuwa amesimama palepale. Alitaka kucheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Shangazi alimpita, akatoka nje ya uzio, akaiinua ile ndoo iliyokuwa imekaa saa nzima juani. Aliingiza mkono, akaunusa udongo, akausugua kwa vidole.

"Umechelewa miaka tisa."

"Najua, Shangazi."

"Umekufa karibu wote huu. Unanuka kama chumba kilichofungwa." Aliumwaga kwenye tuta dogo karibu na kijito, akausawazisha. Akatoa mbegu kwenye pindo la kitenge, maharage, ulezi, na zile za miti mitatu, akazisia moja moja, akazifukia kwa kidole gumba. "Haya. Njoo siku ya tisa tuutazame."

Otilia alihesabu, ingawa hakuhitaji kuhesabu.

"Siku ya tisa niko mahakamani, Shangazi. Ndiyo siku ya kesi."

Shangazi aliendelea kufukia. Mbegu ya mwisho ilikuwa ya mvengi, na aliibonyeza kwa muda mrefu kuliko zote.

"Basi lete kibao na mfuniko wa debe, tulihamishie tuta hili humo," alisema. "Nitakuja nalo. Nikae mbele kabisa, na hakimu naye atazame limeota nini."